UZI: Risasi moja ya kujaribu, au kwa nini mjadala wa "wapeni raia bunduki" haujaanza jana

Wadau, kila baada ya shambulio lolote kaskazini, mjadala ni uleule. Upande mmoja unasema wapeni raia bunduki wajilinde, serikali iko mbali. Upande wa pili unasema wanyang'anyeni zote, ndizo zinaleta vita. Baada ya wiki mbili kila mtu anarudi kwenye mambo ya bei ya unga na tunasubiri shambulio lingine. Sitataja mwanasiasa yeyote wala chama, mnajua utaratibu wa ukurasa huu. Leo nataka tuangalie kitu kidogo ambacho pande zote mbili hukipita: si bunduki, ni risasi. Na nitaanzia kwetu, Buna.

Abti wangu, ndugu ya mama, alikuwa polisi wa akiba. Huku kwetu wazee bado wanawaita homgadi. Bunduki yake ilikuwa Mark 4, ile ya Mwingereza yenye mbao, nzito kama mti wenyewe. Alipewa risasi chache na akaambiwa kila ukipiga moja, rudisha ganda na ueleze ulimpiga nani na kwa nini. Alizifunga kwenye kitambaa na kuziweka ndani ya mkebe wa maziwa ya unga, mkebe chini ya kitanda. Joto la Buna mnalijua au mmelisikia. Mkebe huo ulikaa hapo miaka.

Usiku mmoja fisi aliingia zizini, akavuta kifyatulio, na bunduki ikasema "tik". Basi. Fisi akaondoka na mbuzi wake bila haraka.

Kesho yake abti alikaa na ule mkebe mbele yake karibu asubuhi nzima. Nilikuwa darasa la sita, nikadhani anahesabu. Sasa naelewa alikuwa na tatizo ambalo halina jawabu: ikiwa moja imekufa, zilizobaki zikoje? Na risasi ni kitu cha ajabu, huwezi kujua kama inafanya kazi bila kuimaliza. Tochi unaiwasha na kuizima. Panga unalipitisha kidole. Risasi ukiijaribu, hunayo tena. Na kwake yeye kuna zaidi, ganda lililotumika lazima lielezwe kwa mkubwa ambaye hatakubali "nilikuwa najaribu".

Jioni alichukua moja, akaenda mpaka kwenye laga, akaweka mtungi wa plastiki wa lita 5 uliojaa maji kwenye mchanga, akapiga. Ililia. Maji yakaruka. Abti akatabasamu mara ya kwanza siku hiyo.

Ila alisahau kitu kimoja. Mwaka ule hali ilikuwa ya wasiwasi, na mlio mmoja wa bunduki jioni, upande wa visima, una maana moja tu. Ndani ya dakika chache akina mama walikuwa wanakusanya watoto. Vijana wa boma la pili, ambao si ukoo wetu, waliondoa ngamia zao kisimani wakikimbia, na mmoja akapiga simu kwa watu wao kwamba "wameanza". Abti alirudi mbio mikono juu, akipiga kelele kwa Kisomali na Kiborana kwa pamoja kwamba ni yeye, ni yeye tu, alikuwa anapiga mtungi. Usiku ule wazee wa pande mbili walikaa mpaka alfajiri. Chai ilinywewa nyingi. Mtungi wenye tundu uliletwa kama ushahidi. Kweli, mtungi uliwekwa katikati ya mkeka na kila mzee akaingiza kidole.

Nimekuwa nikifikiria ule mtungi tangu nianze kusoma sayansi ya siasa. Kwa sababu inaonekana si abti wa kwanza kutaka kujua risasi itafanya nini. Wenye dola walijiuliza kabla yake, ila wao hawakutumia maji.

Turudi nyuma kidogo. Miaka ya 1890 Waingereza walipata bunduki mpya yenye risasi nyembamba na ya kasi. Maofisa wao kwenye mipaka ya India wakalalamika: tunampiga mtu na anaendelea kuja. Kiwanda cha Dum Dum, karibu na Kolkata, kikatengeneza risasi ambayo ncha yake inapanuka ikiingia mwilini. Kwa rivolva za maofisa wakatoa moja 1898 yenye kichwa bapa kilichochimbwa, na jina lake la Kiingereza maana yake ni "kisimamisha-mtu". Fikiria hilo jina. Si "kilinda-mtu".

Mwaka 1899 mataifa yakakutana The Hague, na Julai 29 wakaandika tamko la kupiga marufuku risasi zinazopanuka. Mwakilishi wa kijeshi wa Uingereza, John Ardagh, alisimama kuitetea risasi hiyo. Hoja yake kwa ufupi: askari wa mataifa yaliyostaarabika akipigwa huanguka na kuondolewa, lakini "mshenzi" hata akitobolewa huendelea kukimbilia mbele, kwa hiyo anahitaji risasi ya aina yake. Hii haikusemwa baa. Ilisemwa kwenye mkutano wa amani! Uingereza ilikubali tamko hilo baadaye, 1907. Na hata hivyo soma masharti yake: linafunga mikono ya nchi zilizosaini pale tu zinapopigana zenyewe kwa zenyewe. Vita vya makoloni havikuguswa. Yaani sheria ya kibinadamu iliandikwa na sisi tukiwa nje ya mlango.

Wamarekani nao walikuwa na kilio hichohicho Ufilipino, kwamba rivolva zao za .38 haziwasimamishi wapiganaji wa Moro. Mwaka 1904 maofisa wawili, Thompson na La Garde, wakaenda machinjioni Chicago wakapiga ng'ombe hai, na pia maiti za watu, wakiandika kila kitu. Wakaamua kwamba silaha ya mkononi isiwe chini ya .45. Mjadala wote wa leo wa "risasi gani inatosha kujilinda", unaoendeshwa na watu wanaopiga mitungi ya maji na vipande vya nyama nyuma ya nyumba zao huko Marekani, umezaliwa hapo. Hata kipimo cha kisasa cha polisi wao, kile cha kupiga jeli nzito iliyotengenezwa ifanane na misuli, kilipata nguvu baada ya maafisa wa FBI kuuawa Miami, Aprili 1986. Lakini swali la kwanza kabisa halikuwa mwizi mlangoni. Lilikuwa mtu aliyekuwa kwao, anayekataa kusimama.

Ndiyo maana nikisikia mtu kwenye jukwaa anasema "kujilinda" kama kwamba ni neno lisilo na historia, mimi nauliza: nani alihesabiwa kuwa anajilinda, na nani alihesabiwa kuwa ndiye hatari?

Kwetu jibu liliandikwa mapema. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia kuingiza bunduki za kisasa katika ukanda mkubwa wa Afrika, kutoka latitudo 20 Kaskazini mpaka 22 Kusini. Sisi tumo ndani. Sababu iliyotolewa ilikuwa kukomesha biashara ya watumwa, na sehemu yake ni kweli. Matokeo yake mengine ni kwamba Mzungu alibaki na bunduki na Mwafrika akabaki na hoja. Isipokuwa Ethiopia, ambayo ilikuwa na njia zake kupitia pwani ya Djibouti, na iliyowashinda Waitaliano Adwa 1896. Bunduki za Kifaransa za zamani zikateremka kutoka nyanda za juu mpaka visima vyetu. Kwa hiyo Mwingereza alipofika Moyale na baadaye Wajir, 1912, alikuta mpaka ambao upande mmoja una bunduki na upande wa pili anataka usiwe nazo.

1916 huko Serenli, Jubaland, Waaulihan waliivamia kambi ya serikali, wakamuua ofisa Elliott na kuchukua silaha. Waingereza waliporudi kwa nguvu, kitu cha kwanza walichotaka ni bunduki, cha pili mifugo. Huo ndio mtindo ambao umeendelea mpaka wakati wa wazazi wetu. Unaitwa kwa majina tofauti, ila hesabu ni moja: ukoo mzima unawajibika kwa bunduki ya mtu mmoja. Mwaka 1926 Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini ikafungwa, unaingia na kutoka kwa kibali. 1934 ikaja sheria ya wilaya maalum, adhabu ya pamoja ikawa na muhuri.

Halafu Julai 1940 Moyale ikaanguka kwa Waitaliano, na wakashuka mpaka hapa Buna. Ndiyo, hiki kijiji ambacho wengi wenu mmekitafuta kwenye ramani sasa hivi kilikuwa mstari wa vita kuu ya pili. Mwanzoni mwa 1941 wakasukumwa kurudi. Jeshi linalokimbia halipakii vizuri. Bunduki za Kiitaliano zilibaki zikizunguka kaskazini na kusini mwa Ethiopia kwa muda mrefu, na risasi zake zikawa adimu kuliko bunduki zenyewe. Hapo ndipo risasi ilipoanza kuwa na bei yake mwenyewe.

Sasa tuende Kati, kwa sababu watu wa "down Kenya" wakidhani hii ni hadithi ya Wasomali peke yao watakuwa wamekosea.

Oktoba 1952 Hali ya Hatari ikatangazwa. Walowezi walikula chakula cha jioni rivolva zikiwa mezani karibu na chumvi. Baada ya familia ya Ruck kuuawa Januari 1953, waliandamana mpaka Ikulu ya gavana wakidai hatua kali zaidi. Kwao kumiliki silaha ilikuwa karibu wajibu. Mwafrika aliyekutwa na risasi moja tu mfukoni, bila bunduki, alikabiliwa na kanuni za hatari ambazo adhabu yake ilikuwa kunyongwa. Nchi moja, mwaka mmoja, kitu kilekile kidogo cha shaba: kwa mmoja ni kinga, kwa mwingine ni kitanzi.

Msituni walitengeneza bunduki kwa mabomba ya maji, makomeo ya milango na mipira. Baadhi ya hizo bunduki zimehifadhiwa mpaka leo, na ukiiona moja unaelewa mara moja kwamba aliyeipiga mara ya kwanza ndiye aliyekuwa akiijaribu. Nyingine zilimlipukia mwenyewe. Hapakuwa na machinjio ya Chicago ya kupimia. Kipimo kilikuwa mkono wako.

Na Dedan Kimathi aliposhikwa, Oktoba 21, 1956, alishtakiwa kwa nini? Si kwa vita. Si kwa uongozi wa Mau Mau. Alishtakiwa kwa kumiliki rivolva ya .38 na risasi 6. Mahakama ya Nyeri ilimtia hatiani Novemba, akanyongwa Februari 18, 1957. Huwa nawaambia wenzangu darasani: kesi kubwa kuliko zote za kisiasa za ukoloni Kenya, kwenye karatasi, ilikuwa kesi ya risasi sita. Na Sheria ya Silaha tunayoitumia mpaka leo, Sura ya 114, ni ya 1953. Imerekebishwa mara nyingi, sawa. Lakini ilizaliwa katikati ya hofu hiyo. Msingi wake ni kwamba silaha si haki, ni ruhusa, na ruhusa inaandikwa pamoja na idadi ya risasi unazoweza kununua na kukaa nazo. Mimi binafsi sioni ubaya wa msingi huo. Ninachouliza ni nani anaingia kwenye hiyo ofisi na kutoka na karatasi.

Uhuru ulikuja Desemba 1963 na kabla mwezi haujaisha kaskazini tukawa chini ya hali ya hatari yetu wenyewe. Vita vya Shifta. Bunduki kuukuu mwanzoni, mabomu ya kutegwa ardhini baadaye. Watu wakakusanywa kwenye vijiji vya lazima, ngamia wakapigwa risasi au wakafa kwa kukosa malisho. Mkataba wa Arusha wa Oktoba 1967 ulimaliza vita kati ya serikali mbili, ila kanuni za hatari zilibaki kwetu mpaka 1991. Mtu aliyezaliwa Wajir siku ya uhuru alifika karibu miaka 28 kabla ya kuishi siku moja chini ya sheria sawa na mtu wa Nakuru.

Katikati ya hapo kuna Wagalla. Februari 1984. Kulikuwa na mapigano kati ya koo, na serikali ikataka bunduki. Wanaume wa Degodia walikusanywa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na mji wa Wajir, wakavuliwa nguo, wakalazwa kwenye jua bila maji kwa siku kadhaa kuanzia tarehe 10. Ukikubali una bunduki, ilete. Ukisema huna, unadanganya. Waliojaribu kukimbia walipigwa risasi. Serikali ilitoa hesabu ya watu 57. Manusura wanazungumzia mamia mengi, wengine maelfu, na Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliandika juu ya siku hizo kwa kirefu katika ripoti yake ya 2013. Nitaacha hapo. Nimejaribu kuandika aya hii mara nne na sijui namna ya kuifanya iwe fupi na ya haki kwa wakati mmoja.

Ila hebu tuone mantiki yake, kwa sababu ndiyo bado inatusumbua kwenye mijadala. Kunyang'anya silaha kwa nguvu kunahitaji serikali ijue nani anazo. Ikiwa haijui, inamkamata kila mtu. Na kila operesheni ya aina hiyo huacha somo moja tu kwa wanaobaki: wakati mwingine, uwe nayo kweli.

1991 jeshi la Ethiopia likasambaratika na askari wakavuka Moyale wakiuza bunduki kwa bei ya chakula. Mwaka huohuo Somalia ikaanguka. Mnajua yaliyofuata. Kati ya 1992 na 1995 Wajir ilikuwa vita vya koo. Oktoba 1998 kukawa na Bagalla, watu zaidi ya 100 waliuawa na maelfu ya mifugo yakachukuliwa. Julai 2005, Turbi, upande wa Marsabit, watu zaidi ya 50, na zaidi ya 20 kati yao watoto wa shule waliovamiwa alfajiri. Katika kila moja ya hizo, polisi walifika baadaye. Hili si tusi kwa polisi. Ni jiografia, barabara na mafuta ya gari.

Jibu la serikali lilikuwa watu kama abti. Polisi wa akiba wameanza zamani, 1948, ila kaskazini ndiko walikogeuka kuwa serikali yenyewe. Mtu wa kujitolea, hana mshahara, anapewa bunduki na risasi za kuhesabika alinde boma, kisima na barabara. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 iliwabadilisha jina, kazi ikabaki ileile. Sasa fikiria: mtu hana mshahara, ana watoto, na ana kitu ambacho kila mtu anakitaka. Utashangaa kikipungua?

Shirika la utafiti la Small Arms Survey la Geneva lilifanya kazi moja nzuri sana Turkana Kaskazini, ripoti ikatoka 2008. Mtafiti hakuuliza tu watu wanatoa wapi risasi. Aliziangalia. Chini ya kila ganda kuna alama za kiwanda, na alama hazijui kudanganya. Alilinganisha risasi za wafugaji na za askari, akakuta karibu nusu ya risasi haramu eneo hilo zimetoka mikononi mwa serikali yenyewe, zikiwemo zilizotengenezwa hapa nyumbani Eldoret, kwenye kiwanda kilichojengwa kwa teknolojia ya Ubelgiji. Na hazikuwa zote za wizi. Nyingine zilitolewa makusudi ili wananchi wajilinde na wavamizi wa ng'ambo ya mpaka, kwa sababu serikali haikuweza kufika. Yaani ilikuwa sera, ila sera isiyoandikwa.

Hili ndilo linalonikera kuhusu pande zote mbili za mjadala. Anayesema "raia wapewe silaha" anazungumza kama kwamba hawajapewa. Anayesema "raia wanyang'anywe" anazungumza kama kwamba zimeshuka kutoka mbinguni. 2019 serikali ilichukua bunduki za polisi wa akiba katika kaunti kadhaa za kaskazini ili wakaguliwe upya, na baadaye ikaanza kuwarudisha. Katikati ya kuchukua na kurudisha, vijiji vilikuwa na nini? Nilitarajia hilo ndilo swali la kwanza kwenye kila mdahalo wa televisheni. Sijalisikia.

Na sasa neno ambalo litanipatia matusi kwenye majibu. Septemba 21, 2013, Westgate. Kabla kikosi chochote rasmi hakijajipanga, raia wenye leseni waliingia na bastola zao, pamoja na polisi wachache waliovaa kiraia, wakatoa watu mamia. Walikuwa mashujaa, sina neno lingine, na taifa liliwaita hivyo. Watu 67 walikufa siku zile, na bila wao wangekuwa wengi zaidi. Wengi wao walikuwa wanachama wa vilabu vya kulenga shabaha. Yaani risasi zao walizijaribu mahali panapojulikana, chini ya mwalimu, na hakuna kijiji kilichokimbia kwa sababu yake.

Weka picha hiyo karibu na ya abti na mtungi wake. Wote wawili ni raia. Wote wawili wanalinda watu wasiowajua sana. Mmoja ana uwanja, leseni, risasi mpya dukani na cheti kipya tangu ukaguzi wa mwishoni mwa 2018. Mwingine ana mkebe wa maziwa. Na wa pili akikutwa njiani bila barua yake, neno la kwanza atakaloitwa ni lile la 1963.

Kuna atakayesema: kwa hiyo unataka kila mtu Buna apewe rivolva? Hapana, na sababu yangu haitoki vitabuni. Inatoka kwenye ile jioni ya laga. Ukiwa na bunduki moja kijijini, mlio mmoja unaeleweka baada ya chai. Ukiwa na mia, nani atarudi akikimbia mikono juu?

Kilichozima vita vya Wajir miaka ile ya 1990 ni jambo ambalo halina picha nzuri ya kampeni. 1993 akina mama, Dekha Ibrahim Abdi akiwa mmoja wao, walianza sokoni. Wakati ule mwanamke wa ukoo huu hakuweza kununua maziwa kwa mwanamke wa ukoo ule. Wakaweka wasimamizi pale sokoni, kila mtu auze na anunue popote, na ugomvi ukitokea wanauamua palepale kabla haujafika kwa wanaume. Kisha wakaenda kwa wazee, Septemba mwaka huohuo likapatikana Azimio la Al-Fatah, na 1995 kamati ya amani ikaingizwa ndani ya mfumo wa wilaya. Dekha alipewa tuzo ya Right Livelihood 2007, akafariki 2011 baada ya ajali ya barabarani. Waulize watu wa Nairobi kama wanajua jina lake. Na Desemba 2015, basi la Mandera liliposimamishwa na magaidi, Waislamu walikataa kutengana na Wakristo ndani ya gari. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku hiyo na akafa mwezi uliofuata. Ndani ya basi abiria hawakuwa na silaha.

Wazee wanaamini diya: ngamia 100 kwa mwanamume, 50 kwa mwanamke. Mimi nina maneno mengi juu ya hiyo 50 na iko siku nitaandika uzi wake, mama yangu anajua. Lakini angalia inavyofanya kazi: ukoo mzima unalipa. Adhabu ya pamoja, ile ile ambayo Mwingereza aliiandika 1934 na serikali huru ikaitumia Wagalla, ila hapa inaendeshwa na watu wanaojuana, wanaoingiza vidole kwenye mtungi kabla ya kuamua.

Abti alirudisha bunduki yake alipozeeka. Alihesabiwa risasi mbele ya ofisa mmoja kijana. Zilipungua mbili: ile iliyokufa, ambayo fisi anaijua, alikuwa ameitupa chooni kwa hasira, na ile ya mtungi. Ofisa akauliza hii ya pili ulimpiga nani. Abti akatoa ganda lililokuwa limefungwa kwenye kitambaa kilekile, akaliweka mezani.

"Maji," akasema.

Ofisa akaandika kitu. Abti hajui kusoma, kwa hiyo mpaka leo hatujui ni neno gani.

Mtungi bado tunao nyumbani. Mama ameziba tundu kwa plastiki ya kuyeyusha na anaweka mafuta ya taa.

Maswali niulizeni hapa chini, kwa adabu. Wa kutaja vyama nitawafungia.